Kuoanisha mafao sio kuunganisha mafao

Hii kitu nimeisikia mno hapa Kigoma, kwenye kahawa Mwanga, kule Ujiji, juzi tena kwenye gari la Manyovu, mtu anakwambia kwa uhakika kabisa eti kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya mstaafu, tumeletewa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, wamekaa Arusha wakaamua kuunganisha mafao ya nchi zote. Hapana jamani.

Kwa kifupi, hifadhi ya jamii ikiwa ya kitaifa maana yake nchi yenyewe inajipangia mchango, umri wa kustaafu na hesabu ya pensheni. Ikiwa juu ya taifa, mamlaka hayo yanakuwa yamepewa chombo cha nchi nyingi. Basi.

Sasa linaloniuma ni hilo neno kuunganisha. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya iliyoanza kazi Julai 2010 inazitaka nchi wanachama zipitie sera na sheria zao za hifadhi ya jamii na kuzioanisha. Kuunganisha kumetoka kwenye kuunga, vipande viwili vinakuwa kimoja, na hicho tulishakifanya wenyewe mwaka 2018 pale mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ilipounganishwa ikawa mfuko mmoja, PSSSF, tena kwa sheria ya bunge letu. Kuoanisha kumetoka kwenye kuoa, kuoana, yani kupatana, vitu vikae pamoja visigongane, na nyie mnajua watu wakioana hakuna anayeacha ukoo wake, Muha anabaki Muha na Mmanyema anabaki Mmanyema, ila nyumba inaenda.

Halafu kuna neno kuratibu, ndo hata halitajwi. Umoja wa Ulaya wana kanuni namba 883 ya mwaka 2004, na hata wao pensheni moja hawana, Ufaransa ina umri wake wa kustaafu na Ujerumani ina wake, kanuni inachofanya ni kujumlisha miaka uliyochangia huku na kule ili usikose sifa, kisha kila nchi inakulipa kipande chake. Chukua fundi wa hapa, kwetu pensheni inataka miezi 180 ya michango, yeye kachangia 120 akavuka kufanya kazi Bujumbura miezi 80, bila uratibu hiyo 80 huku haimsaidii kitu na uzee ndo huo unakuja. Hilo ndo la kuidai Jumuiya, na ni kubwa, watu wa mpakani tunalijua.

Ila kikokotoo, ule mkupuo, yani pesa mstaafu anayopewa kwa mara moja, wa asilimia 33 ya mafao wa Julai 2022 na nyongeza ya 2024 iliyoupandisha mpaka 40 kwa waliokuwa wanapata 50 zamani na 35 kwa waliokuwa wanapata 25, umepangwa na serikali yetu wenyewe. Kwa hiyo mzee wangu wa kwenye gari la Manyovu, shikamoo, ulisema utalalamika wapi wakati Arusha ni mbali. Arusha hawahusiki mzee, muulize mbunge wako akija likizo.