Kitabu cha Mtoto Nacho Kiingie Rafuni

Kwenye ratiba za shule nyingi za msingi ninazozijua, maktaba na sanaa ni majirani bila mtu kukusudia. Vyote viko Ijumaa mchana, baada ya Hisabati na Kiingereza kumaliza asubuhi zote za wiki. Mwalimu kachoka, watoto wanasikilizia kengele, na kipindi kinaishia kwenye "haya, choreni mnachotaka". Mimi ni mkutubi. Kazi yangu ni kuzisaidia shule za msingi kuanzisha maktaba na kuzifanya zitumike. Nikikaribishwa shuleni, ombi langu la kwanza kwa mwalimu wa taaluma ni jepesi: vipindi hivyo viwili vibaki palepale vinapofuatana, ila vifanye kazi moja. Watoto watengeneze vitabu, na vitabu hivyo viingie maktaba, vipewe alama ya kuonyesha mahali pake rafuni na viazimwe kama vingine vyote.

Kinachonishangaza ni kwamba fani hizi mbili zinafundishwa mji mmoja. Bagamoyo kuna Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka, na kuna TaSUBa, taasisi ya sanaa iliyotokana na chuo kilichoanzishwa 1981. Anayejifunza kupanga vitabu na anayejifunza kuchora wanapanda bodaboda zilezile, lakini wakishaajiriwa hawajuani. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu umeipa sanaa nafasi yake kwenye somo la Sanaa na Michezo. Ni hatua nzuri. Ila kwa nilivyoona, "michezo" hukimbilia uwanjani na "sanaa" hubaki ubaoni: mwalimu anachora chungu, watoto wanakinakili.

Nianze na kusoma picha, maana ndiko tunakoharakisha mno. Mtoto wa darasa la kwanza ambaye bado anahangaika na silabi anaweza kukusimulia kitabu kizima kwa kufuata picha, na hapo anakuwa ameshajua mambo makubwa kuhusu kitabu: kwamba kina mwanzo, kwamba ukurasa ukifunuliwa muda unasogea, kwamba yule mbuzi wa ukurasa wa pili ndiye huyuhuyu wa ukurasa wa tano ingawa sasa anaonekana kwa nyuma. Hilo la mwisho si dogo kama linavyosikika. Wapo watoto wanaohesabu mbuzi wanne kwenye kitabu chenye mbuzi mmoja.

Maswali ninayotumia asili yake ni Marekani, kwa mwanasaikolojia Abigail Housen na Philip Yenawine, aliyekuwa akiongoza kitengo cha elimu kwenye jumba la sanaa la MoMA, New York. Nimeyafupisha hivi: Hapa kuna nini? Umejuaje? Na nini tena? Uzito wote uko kwenye la pili. Mtoto akisema mama wa kwenye picha amekasirika, usimsifu wala usimkosoe, muulize amejuaje. Atakuonyesha mikono iliyoshika kiuno, au kwamba watoto wote wamesimama mbali. Mwingine atasema hajakasirika, amechoka, angalia ndoo. Kwenye madarasa yetu, ambayo jibu ni "ndiyooo mwalimu" la pamoja, swali hili huwa linaleta ukimya mwanzoni. Uvumilie. Baadaye, wakishaanza kusoma maandishi, swali ni lilelile, ila kidole kinahama kutoka kwenye picha kwenda kwenye mstari.

Picha za kuanzia hazina haja ya kutoka mbali. Mchoro wa Tingatinga unafaa sana, na sisemi hivyo kwa uzalendo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao laini wa dari. Alifariki 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu, lakini wanafunzi wake walikuwa wameshaishika kazi. Mnyama anajaza ubao mzima. Nyuma yake hakuna mlima wala anga la kuhangaisha mtoto, na rangi zimekaa wazi bila vivuli. Mtoto wa miaka minane akiuangalia mchoro ule anaona jinsi ulivyofanyika: kwanza rangi ya nyuma, halafu umbo, halafu madoa na mistari. Na anaona kwamba msanii alitumia alichokikuta dukani. Mwalimu anayesema hatuwezi kufundisha sanaa kwa sababu hatuna vifaa namwambia habari za rangi ya baiskeli, kisha namwonyesha mkaa, udongo mwekundu na maboksi ya sabuni.

Kuna uhusiano mwingine watoto wanaupenda wakiujua. John Kilaka, mchoraji aliyetokana na mtindo huo wa Tingatinga, ndiye mtunzi wa vitabu vya picha vya watoto, na hadithi zake nyingine alizitafuta kwa wazee vijijini. Kwa hiyo njia kutoka kwa bibi anayesimulia, kwenda kwenye brashi, hadi rafuni imeshapitiwa na mtu wa hapahapa. Tunaifuata hiyohiyo.

Sasa kutengeneza. Kwa darasa la kwanza na la pili natumia karatasi moja ya A4. Inakunjwa mpaka itoe vyumba vinane, inakatwa kwa mkasi kwenye mstari wa kati, vyumba viwili vya katikati tu, halafu inasukumwa pande zote mbili hadi isimame kama alama ya kujumlisha, na inafungwa. Hapo una kitabu cha kurasa nane bila gundi wala uzi: jalada la mbele, la nyuma, na kurasa sita za hadithi. Sita zinatosha kabisa. Anayetaka zaidi huwa anataka kurefusha safari ya sungura kwenda sokoni, na sungura mwenyewe ameshachoka.

Kuanzia darasa la tatu tunashona. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati na kuingizwa moja ndani ya nyingine zinatoa kurasa 16. Hapa huwa nawapa vitabu vya dukani wahesabu kurasa, na watashangaa ni vingapi vina 16, 24 au 32. Kiwandani karatasi kubwa huchapwa kurasa nyingi kwa pamoja kisha ikakunjwa na kukatwa, ndiyo maana huwezi kukuta kitabu cha picha kilichoishia 19 kwa sababu tu mwandishi alimaliza maneno. Kwenye mkunjo tunatoboa matundu matatu kwa msumari. Shazia, ile sindano kubwa, inaingia tundu la kati kutoka ndani, inatokea nje, inapanda tundu la juu na kurudi ndani, inashuka moja kwa moja hadi tundu la chini na kutoka nje, inarudi kwenye la kati, na fundo linafungwa ndani kuukumbatia ule uzi mrefu. Jalada ni boksi lililopakwa gundi ya unga wa ngano na kufunikwa karatasi. Gundi hiyo ni rahisi na haimdhuru mtoto, ila mende wanaipenda kuliko watoto wanavyopenda kitabu, hasa huku Pwani kwenye unyevu. Kianike kikauke kabisa kabla ya kukipeleka rafuni, na rafu isigusane na ukuta, maana huko ndiko mchwa anakopandia.

Tatizo linalojitokeza kila shule ni maneno kumezwa na mshono. Mtoto anaanza kuandika pembeni kabisa na anamalizia ndani ya mkunjo. Niliwahi kufundisha pambizo kwa rula, wakasahau. Siku hizi nawaambia walete kanga. Tunaitandaza mezani: pindo hili hapa linazunguka pande zote nne, katikati ni mji, na jina limekaa sehemu yake, chini ya picha, ndani ya pindo. Hakuna kanga ambayo maneno yake yamekimbilia kwenye pindo. Ukurasa nao tunaupanga hivyohivyo, picha kwenye mji, sentensi mahali pa jina. Na kwa kuwa jina la kanga ni fupi, sentensi nazo zinafupika zenyewe. Hapo utakuwa umefundisha usanifu wa kurasa kwa kipindi kimoja, na mjadala utakaozuka kuhusu kanga ya mama nani imeandikwa nini ni juu yako kuuzima.

Najua utakachosema: darasa lina watoto themanini. Ndiyo. Nusu wanabaki na vitabu ndani, nusu wanachora chini ya mwembe, wiki inayofuata wanabadilishana. Na si kila mtoto atengeneze kitabu chake. Kikundi cha watoto wanane, kitabu kimoja, kila mmoja kurasa mbili, na hadithi ni moja iliyotoka nyumbani kwa mmoja wao. Kipindi cha dakika 40 hakitoshi kwa chochote zaidi ya hatua moja, kwa hiyo wiki hii ni kusimulia, ijayo ni kupanga kurasa, inayofuata ni kuchora. Mshonaji huwa ni yuleyule mtoto ambaye kwenye Hisabati hasikiki.

Kitabu kikishakamilika ndipo kazi ya ukutubi inapoanza, na ni hapa ambapo shule nyingi zinakatisha. Vitabu vinatundikwa ukutani siku ya wazazi, vinapigwa picha, vinaishia stoo. Hapana. Kipewe alama yake ya rafuni.

Watoto wakubwa nawaonyesha mpango wa Dewey, ambao Mmarekani Melvil Dewey aliuchapisha 1876 na bado unatumika kwenye maktaba nyingi zetu: maarifa yote yamegawanywa kwa mamia, sayansi 500, sanaa 700, fasihi 800, historia na jiografia 900. Wanapenda kubashiri. Kitabu cha mamba kiende wapi? Je, kama mamba huyo anaongea? Hapo ndipo wanapogundua tofauti ya kitabu cha taarifa na cha hadithi, bila mimi kuwaandikia fasili ubaoni. Hadithi za mapokeo, zile za sungura na fisi, ziko 398.2, nje kabisa ya fasihi, jambo ambalo watoto huliona la ajabu na mimi nawaunga mkono. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Namba hiyo haitoshei kwenye mgongo wa kitabu chembamba, na maktaba ya shule ya msingi ambayo vitabu vyake vingi ni vya hadithi za Kiswahili itakuwa na rafu nzima yenye namba moja, isiyomsaidia mtu kutafuta. Kwa hiyo natumia rangi: utepe mwekundu kwa hadithi za mapokeo, wa kijani kwa wanyama na mimea, wa bluu kwa watu na mahali, na kuendelea. Chini ya utepe, herufi tatu za jina la mtunzi.

Herufi za jina lipi? Kanuni za kizungu zinataka jina la mwisho. Lakini jina la mwisho la mtoto wetu ni la baba au babu yake, na Asha anasema kitabu amekitunga yeye, si mzee Hamisi. Nimeshaacha kubishana. Kwenye maktaba ya shule natumia jina la kwanza la mtunzi.

Walimu wakuu wengi wana kabati la vitabu lenye kufuli ofisini, na watu wa nje huwalaumu kirahisi. Vile ni mali ya serikali, vimeandikwa kwenye leja, na siku ya ukaguzi kitabu kisichoonekana kina mtu wa kukijibia. Mwalimu anayefunga kabati anajilinda. Kitabu kilichoshonwa na watoto hakimo kwenye leja hiyo. Kikipotea hakuna barua itakayoandikwa. Ndiyo maana nashauri uazimaji shuleni uanze na hivyo: daftari lenye safu za jina, darasa, kitabu, tarehe ya kutoka na ya kurudi, na mtoto wa darasa la tano ndiye karani. Watoto wanajifunza kuazima na kurudisha kwa vitabu ambavyo havimnyimi mtu usingizi. Na wanavirudisha kuliko tunavyotegemea, kwa sababu mtunzi yuko dawati la jirani na anauliza kitabu chake kiko wapi.

Vitarudi vimechanika, hilo nalo ni somo. Usitumie selotepu, baada ya muda inageuka njano, gundi yake inanata kurasa za jirani, na plastiki inabanduka yenyewe. Kipande cha karatasi nyembamba na gundi ileile ya unga, kisha kitabu kiwekwe chini ya tofali mpaka asubuhi. Waliotengeneza vitabu hukarabati vizuri, maana wanajua mshono umepita wapi.

Daftari likishajaa ukurasa wa kwanza na vitabu vingi vikawa vimerudi, mpelekee mwalimu mkuu alione. Usiombe kabati lote. Omba vile vyenye nakala zaidi ya moja, vianze kutoka kwa darasa la nne na la tano, kwa daftari hilohilo na karani yuleyule.