Shule haitakiwi kusubiri mtoto mwenye ulemavu afike

Wapo wazazi wanaoishi Uingereza ambao, wakimpeleka mtoto kuandikishwa, huambiwa: "Hatujawahi kupokea mtoto wa namna hii, tupeni muda." Kisheria jibu hilo halina mashiko. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inaitaka shule ijiandae mapema, hata kama leo haina mwanafunzi yeyote mwenye ulemavu.

Watu huchanganya mambo mawili. La kwanza ni marekebisho stahiki: kubadili utaratibu unaomkwaza mwanafunzi na, tangu Septemba 2012, kumpatia vifaa na huduma saidizi. Gharama ni ya shule, mzazi hachangishwi. Majengo hayamo humo. Ngazi, milango na vyoo huingia kwenye jambo la pili, mpango wa ufikivu, ambao shule huuandika na kuuhuisha kila miaka 3. Mpango huo unagusa pia ushiriki katika masomo na namna taarifa zinavyomfikia mwanafunzi.

Kwenye taarifa ndiko kunakoteleza wengi. Mwanafunzi ana uoni hafifu, mwalimu anakuza zoezi la A4 kwa fotokopi hadi A3, basi, kamaliza. Herufi za pointi 12 hapo zimefika 17 tu. Anayehitaji 24 bado hasomi, na karatasi yenyewe inaning'inia ukingoni mwa dawati. Dawa ni kufungua faili, kuweka herufi za ukubwa anaouhitaji, kupanga upya kurasa na kuchapa kwenye A4 ile ile. Ni kazi ndogo, mradi faili limetunzwa. Ukibaki na nakala ya karatasi peke yake, utaanza kupiga chapa upya.

Je, nani anahesabika? Mwenye hali ya mwili au akili inayoathiri shughuli zake za kila siku kwa kiasi kisicho kidogo, kwa miezi 12 au zaidi. Kifafa na kisukari vinaweza kuingia. Cheti cha daktari husaidia, ila si sharti.

Shule za umma zina mzigo wa ziada: kutangaza taarifa za usawa kila mwaka, na malengo yake angalau kila miaka 4.

Shule ikigoma, omba kwa maandishi nakala ya mpango wa ufikivu, na utunze kila barua pepe. Kwa England, lalamiko la ubaguzi dhidi ya mwanafunzi hupelekwa kwenye baraza maalumu la rufaa. Baraza halitoi fidia ya fedha, ila laweza kuiamuru shule iombe radhi, ifundishe watumishi wake au ibadili kanuni. Muda ni miezi 6 tangu siku ya tukio, na vikao vya kusuluhishana na mwalimu mkuu havisimamishi hesabu hiyo.