Wiki nyeupe ni nini?

"Mjomba, yule mgeni wa chumba cha juu kaungua uso hata kabla hajakanyaga ufukwe. Na macho yamezungukwa na weupe, utadhani amevaa miwani." Mpwa wangu ndiyo kwanza ana mwezi mmoja kwenye mapokezi ya hoteli moja hapa Malindi. Alipomuuliza mgeni, akajibiwa kwa Kiitaliano: settimana bianca. Maneno anayajua, wiki nyeupe, kwani Kiitaliano hapa kwetu vijana hukiokota ufukweni. Akadhani ni mfungo wa kanisa.

Si mfungo. Wiki nyeupe ni likizo ya siku sita au saba ambayo Waitaliano huenda kukaa milimani wakati wa baridi, kuanzia Desemba hadi mwanzo wa Aprili, wakateleza kwenye theluji mchana kutwa na kulala huko huko. Weupe wa jina ni wa theluji. Weupe wa uso wa mgeni ni alama ya miwani ya kutelezea: theluji mpya hurudisha karibu asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza ngozi, ilhali mchanga wa pwani hurudisha kama asilimia 15 tu. Mtu huungua vibaya huku kajifunika makoti mawili.

Mahali penyewe ni kituo cha skii. Skii ni vile vibao viwili virefu vyembamba vinavyofungwa chini ya buti. Wengi hudhani kituo ni hoteli iliyo karibu na mlima. Mimi naona kinachouzwa hasa ni mlima, hoteli inafuata. Mgeni hununua kadi ya siku sita, akaitia mfukoni mwa koti, na akifika penye lifti kigeti huisoma humo humo mfukoni kikafunguka. Lifti ni viti vinavyoning'inia kwenye waya mnene wa chuma. Humpandisha juu, naye ateremke kwa kuteleza, apande tena. Njia za kuteremkia zina rangi: buluu ni nyepesi, nyekundu ya waliozoea, nyeusi ya mabingwa. Usiku mitambo mizito hupita kuisawazisha theluji. Ikiwa haijaanguka ya kutosha, mashine hurusha matone laini ya maji hewani, yakaganda kabla ya kutua.

Mimi nilialikwa Livigno, Februari moja. Ni kijiji cha Italia kilicho mpakani na Uswisi, mita 1,816 juu ya bahari. Kutoka Milano unapanda treni mpaka Tirano, kisha basi hadi Bormio, kisha basi jingine linalopita Foscagno, njia ya juu katikati ya milima, mita 2,291. Zamani theluji ikiziba njia, wanakijiji walikatika na dunia kwa miezi, na kwa ajili ya ukiwa huo walisamehewa kodi. Mpaka leo bidhaa za madukani huko hazitozwi kodi ya ongezeko la thamani. Februari 2026 sehemu ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika huko.

Kilichonikaa moyoni ni nyumba. Sisi hujenga ili upepo upite: dari juu, makuti, madirisha yanayoelekea baharini. Kule nyumba nzima ni kuzuia. Nilipita mlango wa kwanza, ukafungwa nyuma yangu, ndipo wa pili ukafunguka. Kioo cha dirisha ni tabaka mbili. Chini kuna chumba cha buti tu, na ukutani mabomba mafupi yamejitokeza kama vidole. Kila buti huvikwa juu ya bomba lake, hewa ya moto ikalijaza usiku kucha. Asubuhi nilitia mguu ndani, nikakuta joto kama la mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Nilikaa kitako palepale kwenye benchi, sikutaka kutoka. Bei ya chumba ilikuwa na chai ya asubuhi na chakula cha usiku; cha mchana mgeni hula huko juu mlimani, kwenye kibanda kinachoitwa rifugio, maana yake kimbilio.

Hatari ipo. Theluji huweza kumeguka na kuporomoka mlima mzima, na kila siku hutolewa taarifa ya hatari hiyo kwa daraja la 1 hadi 5. Daraja likipanda, njia hufungwa, na hakuna anayebishana, kama nahodha wa hapa asivyobishana na kusi kali.

Mpwa wangu alisema huo si mchezo wetu. Nikamtajia Sabrina Simader, aliyezaliwa hapa hapa Kilifi, akakulia Austria, na mwaka 2018 akateleza kwa jina la Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang. Alinyamaza, akatoa simu amtafute.

Baadaye akauliza swali lililonifurahisha kuliko yote: theluji ikiyeyuka, wafanyakazi wa kule huenda wapi? Mwezi wa Mei hoteli nyingi za milimani hufungwa. Huku kwetu nako masika yanamwaga, mwani umejaa ufukweni, na hoteli zetu nyingi zimefungwa. Wengine hurudi makwao kulima na kufuga, nikamwambia, na wengine hushuka pwani ya kwao kutafuta kazi kwenye hoteli za baharini.