Mkono Unaokufa Ganzi Chini ya Chuma: Nitajie Kidole Kwanza

Vijana wanaopiga vyuma hapa Mtwara wananiletea magoti na viuno, hilo nimelizoea. Lakini kuna malalamiko mengine yanayojirudia sana, na mwenyewe huyaeleza kwa aibu kidogo, maana anaona hayaeleweki: anapiga skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, chuma kiko mgongoni, kazi inafanywa na miguu, halafu kinachokufa ganzi ni mkono. "Shikamoo dokta, mimi nafanyia mazoezi mapaja, mkono unahusikaje hapo?" (Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, lakini ukishavaa koti jeupe hapa kwetu huna pa kukimbilia.)

Swali langu huwa ni hilohilo: kidole gani?

Karibu wote hujibu "mkono wote." Nikiwaomba wakaangalie vizuri siku ya mazoezi, wakirudi majibu yamebadilika. Kama ganzi iko kidole cha mwisho na upande mmoja wa kidole cha pete, anayelalamika ni mshipa wa fahamu unaoitwa alna. Huu hupita nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, pale ambapo ukijigonga mlangoni unaruka kama umepigwa shoti. Kiwiko kikikunjwa sana unavutika na kubanwa palepale. Kama ganzi iko gumba, kidole cha shahada na cha kati, huo ni mshipa wa mediani, unaoingia kiganjani kwa njia nyembamba kwenye kifundo cha mkono. Kiganja kikilazwa nyuma huku kimebeba uzito, ile njia inazidi kuwa finyu. Na kama kweli ni mkono mzima, unakuwa mzito kuanzia begani, basi tatizo liko juu zaidi: mishipa inatoka kwenye pingili za shingo, inapenya katikati ya misuli ya shingo, inapita chini ya mtulinga na chini ya msuli mdogo wa kifua kabla ya kufika kwapani. Ikibanwa popote kwenye safari hiyo, mkono unajua.

Ukishajua kidole, unajua pa kutazama. Na mara nyingi nikitazama naona jambo moja: mikono inabeba mzigo uliopaswa kubebwa na mgongo.

Chuma kinatakiwa kilalie nyama. Wapo wanaokiweka juu, kwenye msuli mnene chini ya ule mfupa unaojitokeza nyuma ya shingo. Wapo wanaokishusha kidogo kikae juu ya ukingo wa mfupa wa bega. Yote ni sawa. Ila ile ya chini inadai bega lifunguke sana kwenda nyuma, na mtu mwenye mabega magumu bega likigoma, hukunja kiwiko kupita kiasi na kulaza kiganja ili afikie chuma. Miguu ikiongezewa kilo, kiganja nacho kinaongezewa, bila mwenyewe kujua.

Hapa lazima niseme kuhusu vyuma vyetu vya kujitengenezea, kwa sababu mitaa ya Chikongola hadi Mikindani ndivyo vimejaa: bomba la maji, na pande mbili makopo ya rangi yaliyomwagiwa zege. Sivibezi, vimejenga miili mingi. Lakini chuma rasmi cha mashindano ya wanaume kina urefu wa mita 2.2, na nafasi ya kushika katikati inazidi mita 1.3. Bomba la mtaani mara nyingi limekatwa fupi, makopo yamesogea karibu na mabega, kwa hiyo mikono haina pa kwenda ila kujibana mbavuni. Kijana mwenye kifua kipana akishika hapo, kiwiko chake kinakunjwa kama kinafungwa kwa kamba. Wengine hulizungushia bomba kitambaa. Kitambaa kinaokoa ngozi, hakiokoi kiwiko. Kama fundi anakuchomelea chuma kipya, mwambie aongeze urefu wa katikati kabla hujafikiria kuongeza zege.

Kuna mpakiaji mmoja wa magunia ya korosho niliyemtazama akiwa na chuma kitupu. Kidole cha mwisho na cha pete, mkono wa kulia. Viganja vimelala nyuma, gumba limezunguka chini ya chuma, viwiko vimeinuliwa nyuma. Nilimwambia asogeze kila mkono nje kwa upana wa kiganja, gumba alipandishe juu ya chuma pamoja na vidole vingine, kifundo kinyooke, viwiko avishushe kuelekea chini. Ganzi haikuisha, ilichelewa, ikawa hafifu. Iliyobaki ilitoka kazini: msimu ukianza mwezi Oktoba, gunia linakaa bega lilelile la kulia kutwa nzima, halafu jioni anaenda kukandamiza palepale kwa chuma. Huyo hakuhitaji dawa, alihitaji kubadilisha bega la kubebea na kupunguza skwati mpaka msimu upungue. Waendesha bodaboda nao ni hivyohivyo, kwa upande wa kifundo: kutwa wameng'ang'ania usukani unaotetemeka.

Shingo nayo isisahaulike. Ukishuka huku umeinua uso kutazama bati, matundu ya pingili inapotokea mishipa ya fahamu yanapungua upana. Tazama sakafu hatua chache mbele yako.

Kulegeza mabega hakuhitaji vifaa. Shika kanga kwa mikono miwili, mbalimbali sana, ipitishe kichwani hadi nyuma na kuirudisha, polepole. Kisha simama mlangoni, mikono kwenye fremu, sogeza kifua mbele mpaka uhisi kinavutika. Ukihisi vijisindano vidoleni umevuta mno, rudi nyuma. Wakati mkono unapona, skwati hazisimami: kumbatia dambeli moja kifuani ushuke nayo, au weka chuma mbele ya mabega na mikono umeikunja msalaba. Utanyanyua kilo chache, mapaja yatachoma vilevile.

Ganzi ikija katikati ya seti, rudisha chuma kwenye stendi. Usikung'ute mkono mmoja huku mwingine umeshikilia. Nimeona chuma kikipinduka hivyo.

Sasa, ganzi inayoondoka dakika chache baada ya kuweka chuma chini unaweza kuishughulikia mwenyewe kwa haya niliyoandika. Inayobaki hadi kesho yake, inayokuamsha usiku, au inayoambatana na vitu kukuponyoka mkononi, njoo tuipime. Ganzi ya mikono yote miwili pamoja na miguu kukosa uthabiti ni ya daktari, haraka. Ganzi ya nyayo na vidole hata siku usizofanya mazoezi, kapime sukari. Mkono ukivimba na kubadilika rangi kuwa wa bluu baada ya mazoezi mazito, damu inaweza kuwa imeganda kwenye mshipa wa damu chini ya mtulinga: hospitali siku hiyohiyo. Na mkono wa kushoto ukiuma pamoja na kifua kubana na jasho jembamba, hapo usiulize kidole gani, tafuta usafiri.