Je, wajua kwa nini gitaa la Bill Frisell husikika kama linapumua?

Mtu anayesikiliza rekodi za Bill Frisell, mpiga gitaa wa jazi wa Marekani, kwa mara ya kwanza, aghalabu hujiuliza ni ala gani hasa inayolia. Sauti haianzi kwa ule mlio mkali wa uzi unaodonolewa. Hujitokeza polepole kutoka kwenye kimya, hujaa, hutikisika kidogo, kisha hufifia kiasi kwamba ni vigumu kusema ilikwisha saa ngapi. Wapo wanaodhani ni kinanda, na wapo wanaodhani ni fidla ikichezwa chumba cha pili. Kumbe ni gitaa la umeme, lenye nyuzi sita kama mengine mengi.

Ili kuelewa jambo hilo, inafaa kwanza kujua namna sikio linavyozitambua ala. Uzi wa gitaa ukidonolewa, nguvu zake zote huingia mara moja, katika sehemu ndogo sana ya sekunde, na kuanzia hapo uzi hauna kazi nyingine ila kuzipoteza. Hicho kishindo cha mwanzo ndicho kinacholiambia sikio kwamba hili ni gitaa. Mwaka 1948 Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya taifa ya Ufaransa, alirekodi mlio wa kengele bila pigo lake la kwanza, akabaki na ule mvumo unaofuata. Kilichosikika hakikuwa kengele tena, bali sauti iliyofanana na obo, ala ya jamii ya zumari. Chuma kilikuwa kilekile na mvumo ulikuwa uleule, lakini mwanzo ulipoondolewa, utambulisho wa kengele nao ukaondoka.

Alichokifanya Schaeffer kwa mashine studioni, Frisell amekifanya kwa mguu, papo hapo, mbele ya watu. Katika rekodi zake za miaka ya 1980 alitumia sana pedali ya sauti, kifaa kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya, na ambacho hufungua au kufunga sauti kwa kadiri unavyokikanyaga. Mpigaji huanza pedali ikiwa imefungwa. Anaudonoa uzi, na hakuna kinachosikika. Kisha anashusha vidole vya mguu taratibu, sauti inaingia ikiwa tayari imeshapoteza ule ukali wake wa mwanzo, na kadiri uzi unavyoishiwa nguvu ndivyo mguu unavyozidi kufungua njia, hata noti ambayo kwa kawaida ingekuwa inakufa ikasikika kana kwamba inakua. Ugumu wake hauonekani kwa mtazamaji: mkono lazima utangulie mdundo ili sauti yenyewe iufikie mdundo kwa wakati. Wengi hununua pedali kama hiyo na kuishia kupata sauti inayochelewachelewa tu.

Pengine haikuwa bahati nasibu kwamba jambo hili lilimjia yeye. Frisell, aliyezaliwa Baltimore mwaka 1951 na kukulia Denver, katika jimbo la Colorado, alijifunza klarineti utotoni kabla gitaa halijamteka. Mpuliza klarineti hufundishwa tangu siku za mwanzo kwamba noti huanza kwa pumzi, hupanda kwa pumzi, na ikiisha pumzi imeisha. Baadaye alipata masomo kwa Jim Hall, mpiga gitaa aliyejulikana kwa kutumia noti chache na kuyaachia nafasi yale asiyoyapiga. Ukiyaweka mafunzo hayo mawili pamoja, yaani pumzi na uchache, umekwisha kuikaribia nusu ya sauti ya Frisell hata kabla hajagusa kifaa chochote cha umeme.

Nusu ya pili ni mwangwi. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo ukuta ulio mita 17 kutoka kwako hukurudishia sauti yako baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ubongo huzoea kupima ukubwa wa mahali kwa njia hiyo, bila sisi kujua. Kwa hiyo kifaa cha umeme kinachoihifadhi noti na kuirudisha baada ya muda mfupi humjengea msikilizaji ukumbi ambao haupo. Frisell alitumia kwa miaka mingi kifaa cha kampuni ya Electro-Harmonix kilichoweza kuhifadhi hadi sekunde 16 za muziki, kuzirudiarudia, na hata kuzigeuza zikalia kinyumenyume. Noti iliyogeuzwa hivyo huanza kwa kunong'ona na kuishia kwa kishindo, na sikio, lililozoea mambo kwenda kinyume chake, hubaki na wasiwasi mdogo usio na jina.

Hata hivyo, si haki kuvipa vifaa sifa zote. Sikiliza jinsi anavyopanga noti zake. Uzi wa nne ukibanwa kwenye freti ya saba, yaani kipande cha saba cha chuma kilichokatiza shingo ya gitaa, hutoa noti A, na uzi wa tatu ukiachwa wazi hutoa G iliyo jirani yake. Mpigaji wa kawaida angezimisha moja kabla ya kupiga nyingine, lakini Frisell huziacha noti jirani za namna hiyo zivume pamoja, zikisuguana kama vigae viwili vya kioo. Wakati mwingine huisukuma shingo ya gitaa kidogo kwa mkono, mkazo wa nyuzi ukabadilika, na sauti yote ikayumba kwa kiasi kidogo tu.

Studio nayo ilichangia. Albamu yake ya kwanza kama kiongozi, In Line, ilirekodiwa Oslo, Norwei, mwaka 1982, na kutolewa na ECM, kampuni iliyoanzishwa Munich, Ujerumani, mwaka 1969 na kusifika kwa kuuachia muziki nafasi. Hakuna ngoma humo. Katika baadhi ya vipande Frisell yuko peke yake, akirekodi tabaka moja la gitaa juu ya jingine. Katika vingine yuko na mpiga besi Arild Andersen. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mgeni aanzie, na asitumie spika ya simu. Spika ndogo huvikata vile vikia virefu vya noti, na katika muziki huu mkia ndio wenye habari. Kwa spika hiyo, albamu nzima hugeuka kuwa mtu anayedonoa gitaa kwa uvivu.

Akishaizoea, aende kwa kundi la watu watatu la mpiga ngoma Paul Motian, ambamo Frisell alipiga pamoja na mpuliza saksofoni Joe Lovano tangu miaka ya 1980, na ambalo halikuwa na mpiga besi. Kwa kawaida besi ndiyo sakafu ya jazi. Ilipokosekana, gitaa lilitakiwa kuwa sakafu, kuta na dari kwa wakati mmoja, na noti isiyo na mwanzo wala mwisho ulio wazi iliifaa kazi hiyo kuliko noti ya kudonoa na kuacha. Msikilizaji ajaribu kumfuata Lovano anapofika mwisho wa sentensi yake: pumzi ya saksofoni inapungua, gitaa linaingia chini yake bila kubisha hodi, na kwa muda mfupi haijulikani ni nani kati yao anayepuliza.