Dionea Kampala: mvua tunayo, baridi ndiyo hatuna

Haiishi wiki bila mtu kunitumia kwa WhatsApp picha ya dionea, ule mmea unaonasa wadudu kwa majani yake yaliyo kama mtego, imegeuka nyeusi, na chini yake maneno yale yale: "Kaka, shida nini? Maji ya bomba naipa kila siku, na mbolea naweka." Nusu ya jibu imo ndani ya swali lenyewe, nitalifikia. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike leo, maana wauza maua wengi wa kando ya barabara hapa mjini hawaisemi, ama kwa kutojua au kwa kutotaka kupoteza mteja. Wanakuambia huu ni mmea wa msituni, wa nchi za joto, utafurahi hapa. Si kweli. Dionea ni mmea wa nchi yenye majira ya baridi, na sisi tumekaa juu ya ikweta.

Kwao ni pwani ya North Carolina na South Carolina, Marekani, katika eneo dogo linaloizunguka Wilmington. Duniani kote hakuna pengine unapoota wenyewe kwa asili yake. Arthur Dobbs, aliyekuwa gavana wa North Carolina, aliutaja katika barua zake mwaka 1759 na 1760, na mwaka 1768 John Ellis akaupa jina unaloitwa hadi leo na wanasayansi, Dionaea muscipula. Ardhi ya huko ni mchanga uliochanganyika na mboji chachu, imelowa karibu mwaka mzima, na nitrojeni ndani yake ni haba. Ndiyo sababu mmea ukajifunza kula wadudu: mizizi haipati chakula, majani yakaenda kuwinda. Kiangazi cha huko kina joto na unyevu hata kuizidi Kampala. Lakini ikifika Desemba, urefu wa mchana unashuka hadi saa 10 hivi kutoka 14 na nusu za Juni, usiku baridi inakaribia nyuzi sifuri, na mmea unalala. Hapa kwetu tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka ni dakika chache tu. Dionea haipati wa kuiambia kwamba muda wa kulala umefika.

Nianze na yaliyo mepesi, maana kwa maji Uganda tumebarikiwa.

Dionea inataka maji yasiyo na chumvi, yaani madini yaliyoyeyuka ndani yake. Kipimo wanachotumia wakulima wengi ni chini ya miligramu 50 za chumvi kwa lita, na mvua iko chini ya hapo kwa mbali. Ziwa Victoria lenyewe hujazwa zaidi na mvua inayolinyeshea moja kwa moja, kwa hiyo maji yake si mazito kama ya visima, lakini yakishapita mtamboni na kwenye mabomba siyaamini tena kwa mmea huu. Maji ya kisima ndiyo mabaya zaidi. Kinga mvua. Iache ya mwanzo ioshe vumbi na vinyesi vya ndege juu ya mabati, kisha weka pipa la plastiki. Tangi la saruji huyatia maji chokaa, liepuke. Kiangazi kikikaza na pipa likakauka, maji ya betri ya kituo cha mafuta yanafaa, ila soma kibandiko kwa macho mawili: kuna maji yaliyotoneshwa, yaani mvuke uliogeuzwa maji, ndiyo unayoyataka, na kuna asidi, na nimesikia wauzaji wakiziita zote mbili "maji ya betri". Maji ya kunywa ya chupa usiipe dionea; mengi yana madini, mengine yameongezewa makusudi ili yawe na ladha.

Udongo ndiyo sehemu inayowauma watu wenye mkono mzuri wa bustani. Aliyezoea kupanda nakati na nyanya kwenye udongo mweusi wenye samadi anaona ni dhambi kupanda kitu kwenye mchanga mtupu. Lakini samadi, mbolea ya chumvichumvi, na hata ule udongo wa kichuguu tunaousifu, vyote huunguza mizizi ya dionea. Tafuta pitimosi (mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza kiasi) isiyoongezewa kitu. Kwenye maduka ya pembejeo ya Container Village utaipata, lakini geuza mfuko usome, kwa sababu nyingi imeshatiwa mbolea na chokaa kwa ajili ya miche ya mboga. Changanya nusu kwa nusu na perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za mwamba uliopashwa moto, au na mchanga mweupe. Mchanga wetu wa ziwa unafaa ukioshwa hadi maji yatoke meupe. Upime kwanza: mimina siki juu ya kiganja kimoja cha mchanga mkavu, ukichemka vipovu ujue una chokaa, urudishe kwa fundi akajengee. Na tafadhali, asikuuzie mtu sfagnamu, kile kimea laini cha kinamasini kinachoshika maji kama sponji, iliyong'olewa kwenye vinamasi vya Rwenzori. Ile ni hifadhi ya taifa.

Chungu kiwe cha plastiki chenye kina, si cha udongo wa kufinyanga, kwa kuwa cha udongo hukusanya chumvi. Kiweke kwenye sahani yenye maji ya kina cha sentimita moja au mbili, na jua kipate angalau saa tano kila siku. Dirisha la sebuleni halitoshi. Roshani inayotazama mashariki inatosha, na mmea ukitoka dukani usiutupe juani siku hiyo hiyo. Uzoeshe kidogo kidogo kwa wiki mbili. Aina nyingi zikipata jua la kutosha, ndani ya mtego huiva wekundu. Ukiona majani marefu, malegevu, ya kijani kibichi, ujue unalia njaa ya jua, hata kama wadudu unaupa.

Sasa hiyo sahani. Blogu za Ulaya zinakuambia uijaze na uisahau, na waandishi wake hawaishi na malaria. Maji safi yaliyotulia juani ndiyo hasa mahali mbu wa malaria anapopenda kutaga. Kwenye joto letu, yai huweza kuwa mbu anayeruka kwa wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo kila siku ya tatu mwaga maji yote, futa sahani kwa kitambaa, kisha jaza upya. Ukiwa mtu wa kusafiri, bora umwachie jirani kazi hiyo au upande kitu kingine. Na usijidanganye kwamba dionea itakulia mbu wa nyumbani. Porini kwao, chakula chake kikubwa ni sisimizi na buibui, halafu mende wadogo na panzi. Wadudu wanaoruka ni sehemu ndogo tu. Chandarua kibaki pale pale.

Ukitaka kuelewa kwa nini, inama karibu na mtego mmoja uliokomaa asubuhi sisimizi wanapopita. Ukingo wa ndani unatoa utamu kidogo, na sisimizi huufuata akilamba. Katikati ya kila upande kuna vinywele vitatu, vyembamba hivi kwamba lazima uvitafute kwa mwanga wa pembeni. Sisimizi anagusa kimoja: hakuna kinachotokea. Anaendelea na shughuli zake. Akigusa tena, kile kile au kingine, kabla ya sekunde 20 hivi kupita, pande mbili zilizokuwa zimebinukia nje zinabinukia ndani kwa ghafla, kwa muda wa kama sehemu ya kumi ya sekunde. Meno ya pembeni yanapishana, lakini bado yana nafasi. Mdudu mdogo asiye na faida hupenya akaenda zake. Aliyebaki anahangaika, na kila anapohangaika anagusa vinywele tena. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, walionyesha kwamba mmea huhesabu miguso hiyo, na kuanzia kama mguso wa tano ndipo tezi zinapoanza kutengeneza vimeng'enya vya kumeng'enya. Hapo mtego unajikaza na kuziba kabisa. Utafunguka baada ya siku tano hadi kumi na mbili, na ndani patabaki ganda kavu tu.

Kutoka hapo utaona ni kwa nini kidole cha mtoto ni adui. Mtego uliofungwa bila windo hufunguka baada ya siku moja hivi, lakini nguvu imeshatumika, na kila mtego una idadi ndogo ya kufunga kabla haujachoka na kufa. Wageni wakija, waonyeshe mtego mmoja, mara moja, basi. Mitego ya zamani kugeuka nyeusi mmojammoja si ugonjwa, kata. Ni pale majani mapya ya katikati yanapogeuka nyeusi ndipo unapaswa kushtuka.

Kulisha si lazima ukiwa nje, unajitafutia. Ukitaka kuusaidia, mdudu asizidi theluthi ya ukubwa wa mtego. Msimu wa nsenene ukifika, kina mama wananiletea hadithi ya mtego ulioliwa na nsenene badala ya kumla: mdudu mkubwa, miguu nje, mtego haukuziba, bakteria wakaingia, ukaoza. Nsenene kaangeni na kitunguu mle wenyewe. Kumbikumbi mdogo aliyevuliwa mbawa anafaa. Mdudu aliyekufa hafai peke yake, kwa sababu hatikisiki. Baada ya mtego kufunga, ubonyeze pembeni taratibu kwa nusu dakika ili udhani yu hai. Nyama, jibini, kipande cha soseji: hapana.

Hayo yote ukiyafanya vizuri, mmea utapendeza mwaka wa kwanza na utakuletea sifa mbele za watu. Mwaka wa pili majani yanakuwa madogo. Baadaye unadhoofika na kufa bila ugonjwa wowote unaoonekana, na mwenyewe analaumu maji. Mara nyingi ni uchovu. Wapo wakulima wa nchi za joto wanaobisha, wanasema wameiweka miaka mingi bila kuilaza. Nimeona mimea ya namna hiyo. Iko hai, ndiyo, lakini haina nguvu ya ile iliyopumzika. Ukikaa Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku wenyewe unakusaidia kidogo, mmea hupunguza mwendo hasa miezi ya Juni na Julai. Kampala, Jinja, Mbale, msaada ni friji.

Mimi huilaza kuanzia Desemba. Sababu ni ya kienyeji kabisa: Desemba hadi Februari ni kiangazi, pipa la mvua linaelekea kukauka, na miezi mitatu ikiisha, mvua za Machi zinakaribia kurudi. Mwezi mmoja kabla, acha kulisha na punguza maji, udongo uwe na unyevu tu. Kisha ng'oa mmea, osha mizizi kwa maji ya mvua, kata majani yote meusi na mitego mikubwa. Kitakachobaki mkononi ni shina jeupe la chini, lenye magamba, kama kitunguu kidogo chenye mizizi myeusi. Lipulizie unga kidogo wa salfa dhidi ya ukungu, lifunge kwenye sfagnamu iliyokamuliwa hadi isidondoke tone, tia kwenye mfuko wa plastiki, weka sehemu ya mboga ambako baridi ni nyuzi 4 hivi. Si kwenye friza. Andika juu ya mfuko kwa herufi kubwa, kwa lugha inayosomwa na kila anayeingia jikoni, kwamba hiki si chakula. Kila baada ya wiki mbili fungua utazame. Ukikuta utando wa kijivu, osha, kata palipooza, tia salfa tena, badilisha sfagnamu. Umeme ukikatika saa chache, usifungue mlango, hakuna neno. Ukikatika kila mara, ukungu utakusumbua zaidi ya kawaida, kwa hiyo kagua kila wiki.

Machi panda upya kwenye mchanganyiko mpya, kivulini wiki ya kwanza. Hapo ndipo pia pa kugawa: shina lililojigawa lenyewe huachana kwa mkono, kila kipande na mizizi yake. Ukiona ua linachomoza mapema, likate likiwa fupi, kwa sababu linakula nguvu ambayo mmea ulioamka juzi hauna ya kugawa. Mbegu ziachie wenye subira. Kutoka mbegu hadi mmea mkubwa ni miaka mitatu au zaidi.

Asiye na friji, au asiyetaka kelele na mama watoto kuhusu mfuko wa mizizi kando ya sukuma wiki, nampa drosera. Majani yake yana nywele zenye matone ya gundi; mdudu ananasa, jani linamkunjia taratibu. Drosera madagascariensis huota kwenye vinamasi vya Afrika ya tropiki, Uganda ikiwemo, na drosera za tropiki hazihitaji baridi yoyote. Udongo ule ule, maji yale yale, sahani ile ile ya kumwagwa kila siku ya tatu. Tena hunasa wadudu wadogo wanaoruka vizuri kuliko dionea. Usiende kung'oa kinamasini. Mbegu zake ni vumbi, zinaota juu ya pitimosi iliyolowa bila hata kufunikwa.

Wanaoagiza dionea kutoka nje wajue imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo mmea mzima unavuka mpaka kwa kibali, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Miche ya maabara iliyo ndani ya chupa zilizofungwa imeachwa nje ya sharti hilo la CITES, lakini wakaguzi wa Wizara ya Kilimo bado watataka karatasi za afya. Muuzaji wa mtandaoni akikuambia ataitia ndani ya bahasha na hakuna atakayejua, tafuta muuzaji mwingine.