Kiziwi si bubu

Kwenye maigizo yetu ya mtaani hapa Mwanza, kiziwi akiingia tu najua kitakachofuata: atatoa mlio wa ajabu, atarusha mikono hovyo, watu watacheka. Na anayemwigiza anasikia vizuri kabisa. Hapo ndipo watoto wanapojifunza kwamba kiziwi ni bubu, mtu asiye na lugha.

Lugha anayo. Pale Mwaloni, Kirumba, kuna mama kiziwi anayeuza dagaa. Mteja akigusa sado, mama anainua nyusi, swali limeshaulizwa. Mteja akionyesha kwa vidole bei ya kuudhi, mama anakunja uso, anavuta sado kwake, na mapatano yanaendelea. Katika lugha ya alama uso ni sehemu ya sarufi. Mikono ni ileile, uso ukibadilika maana nayo imebadilika. Mtu aliyefundishwa alama kwa wiki mbili ataipatia mikono, lakini usoni hatasema kitu.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kuigiza ni kuigiza, yeyote anaweza. Marlee Matlin, mwigizaji Mmarekani aliyepoteza usikivu akiwa na miezi 18, alitwaa tuzo ya Oscar mwaka 1987 akiwa na miaka 21. Miaka mingi baadaye, filamu ya CODA, ya familia yenye wazazi viziwi, ilipoandaliwa naye Matlin akiwa mmoja wa waigizaji wake, wenye fedha walitaka nafasi ya baba kiziwi apewe mwigizaji maarufu anayesikia. Matlin akasema: mkifanya hivyo, najitoa. Nafasi ikaenda kwa Troy Kotsur, kiziwi, na mwaka 2022 akashinda Oscar. Filamu yenyewe ikawa filamu bora ya mwaka.

Eti filamu zenye waigizaji viziwi haziuzi? CODA ilinunuliwa kwa dola milioni 25.

Neno kiziwi nalo si tusi. Wenyewe wanalo chama chao, Chama cha Viziwi Tanzania. Linalowaumiza ni bubu.

Kuna kosa ambalo hata mimi nililiamini, kwamba lugha ya alama ni moja dunia nzima. Matlin anatumia ya Marekani, mama wa Mwaloni anatumia ya Tanzania. Kwa hiyo filamu ya Matlin ikiwekwa kwenye banda la video, mtafsiri akiingiza sauti ya Kiswahili, mama huyu hapati alama wala sauti. Anahitaji maandishi ya Kiswahili chini ya picha, na anahitaji mwigizaji wa hapahapa anayeinua nyusi kama yeye.